Siku Tuliyolivuta Daraja Kurudi Nyuma

Daraja la chuma haliogopi lori. Linaogopa maji yaliyotuama mahali pasipo na njia ya kutokea. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa kazini, na ndilo ninalowaanzia ninyi vijana mnaojifunza ufundi, kwa sababu huku Rungwe mvua utafanya nayo kazi upende usipende. Ukikuta tundu la kutolea maji limezibwa na matope, usisubiri kuagizwa. Tafuta kijiti uzibue. Nimewahi kuona boriti nene kama paja la ng'ombe imeliwa na kutu mpaka unaipenya kwa bisibisi, na juu ya boriti hiyo hiyo malori ya chai yalikuwa yakipita kila siku, madereva wakitupungia mikono.

Jina langu ni Tusekile. Nimezaliwa Lufingo na nimestaafu nikiwa fomeni wa kikosi cha madaraja. Msije mkadhani nilianza na nyundo mkononi. Nilianza stoo, kwenye yadi ya ujenzi pale Tukuyu mjini, na kazi yangu ilikuwa kuandika namba kwenye vyuma kwa rangi nyeupe. Niliajiriwa kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Basi.

Vyuma vyenyewe vilikuwa vya daraja la kufunga na kufungua. Labda mmeshapita juu ya daraja la namna hiyo bila kulitazama vizuri. Pembeni lina fremu za chuma zenye pembe pembe, tunaziita paneli. Paneli moja inabebwa na watu sita, na wote sita wakiitua wanashika viuno. Unaiunganisha na nyingine kwa pini nene kama mpini wa jembe. Kila pini ina kibanio chake, kipande kidogo cha waya mgumu kinachopita kwenye tundu mwisho wa pini ili isichomoke. Daraja likimaliza kazi hapa unalifungua, unalipakia kwenye malori, unakwenda kulifunga kwingine. Na kulifunga kwenyewe hulijengi juu ya maji. Unalijenga nchi kavu, juu ya rola, kisha unalisukuma lote zima mpaka ng'ambo. Ndiyo maana tuliliita daraja la kuhama.

Lile la mto wa bondeni kwetu lilihama mara kadhaa kabla halijafika Rungwe. Likafungwa pale, tukaambiwa ni la muda. Nilikuwa mtoto wa shule. Nilipokaribia kustaafu lilikuwa bado la muda.

Aliyenifundisha kazi ni fundi Salumu. Alizaliwa Tukuyu, na baba yake pia, lakini ukoo wao ulitoka pwani na Kiswahili chake kilibaki cha huko. Akiongea, sisi wa milimani tulijiona tunatafuna maneno. Alikuwa mwembamba, na kofia yake nyeupe haikuwahi kuingia doa. Sijui aliwezaje, maana mikono yake ilikuwa grisi tupu kuanzia asubuhi.

Mwaka wangu wa kwanza stoo nilizipanga paneli zikiwa zimelala, moja juu ya nyingine, kama vitabu. Nikajiona fundi. Yadi ikapendeza, na mkubwa wa yadi akanisifu. Fundi Salumu alikuwa safarini, na masika yakapita kabla hajarudi. Aliporudi alizunguka rundo langu mara moja, akaniita.

"Binti, kazipanga nani hizi?"

"Mimi, fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu njoo utazame."

Tulifunua paneli ya juu kwa nondo. Ndani ya mfereji wa chuma maji yalikuwa yametulia kama kwenye sahani, na rangi yake ni ya chai. Ukigusa, chuma kinabanduka magamba. Nikaona aibu. Nilijua akinipeleka kwa mkubwa wa yadi, nimekwisha.

"Umezilaza wewe," akasema, "utaziamsha wewe."

Akanipa brashi ya waya na kopo la rangi ya kuzuia kutu. Nilisugua majuma matatu. Yeye mwenyewe alikuja kila mchana baada ya swala, akavua koti, akasugua nami saa nzima bila kusema mengi. Kwa mkubwa wa yadi hakwenda. Paneli husimamishwa wima, zikiegemea kidogo, na mbao chini yake, ili maji yateremke. Sijasahau, na wala sijapata kumwambia mtu jambo hilo bila kuisikia ile brashi.

Ni yeye pia aliyenifundisha kusikiliza pini. Aliitundika kwenye kamba, akaigonga kwa nyundo ndogo. Ikalia kama kengele ya shule, sauti ikabaki hewani. Akatundika nyingine, mpya kwa macho, ina grisi yake safi. Akaigonga. Ikasema "do", ikanyamaza.

"Ya pili ina ufa," akasema. "Jicho haliuoni, sikio limeuona."

Siku hizi kuna dawa nyekundu ya kupulizia. Unapulizia, unafuta, unapulizia na nyeupe juu yake, ufa unajichora wenyewe kama mchirizi wa damu. Ni dawa nzuri, itumieni. Lakini makopo huisha, na masikio mnatembea nayo.

Mambo mengi yamebadilika. Zamani daraja lilisukumwa na watu, arobaini, hamsini, na mmoja wao kazi yake ni kuimba tu. Akiimba "haya" wote wanasukuma, akinyamaza wote wanapumua. Tulikuwa na mwimbaji mmoja ambaye siku moja alipaliwa na ndizi katikati ya wimbo. Alikohoa, watu wakadhani ni ubeti mpya, wakasukuma. Akakohoa tena, wakasukuma. Daraja lilikwenda hatua mbili kwa kikohozi. Sasa hivi kazi hiyo inafanywa na kijiko, lile tingatinga lenye mkono mrefu. Dereva anagusa kidogo kidogo, na nyuma kuna winchi yenye waya wa chuma inayolizuia daraja lisikimbie. Hakuna wimbo. Ila kitu kimoja hakijabadilika: daraja likiwa limetokeza juu ya maji, halijashika ng'ambo, linashikiliwa na uzito wake wa nyuma na zile pini. Wakati huo mtu haruhusiwi kupanda mbele. Na wakati huo ndipo kila ulichokifanya vibaya kinapimwa.

Nilitoka stoo nikaingia kikosini kwa sababu ya kujua vyuma. Kila tulipokwenda kufunga daraja, mafundi walikwama wakitafuta kipande, na mimi nilikijua kilipo na kinakwenda wapi. Mwishowe fundi Salumu akasema kumpeleka Tusekile mtoni ni rahisi kuliko kuja kumuuliza stoo. Alipostaafu nilikuwa tayari msaidizi wake. Alipofariki nilikuwa fomeni. Wanaume kumi na wanane na mimi. Mwanzoni walinipima, kama mnavyojua. Nikajifunza kujibu kwa utani, tena utani mkali, na utani ukanisaidia sana kuongoza. Nitawaambia baadaye ulichoniharibia.

Sasa nije kwenye lile daraja la bondeni.

Ilifika mahali likawa linalia. Gari likipita, mbao zinagonga, na mihimili ya chini inatoa sauti ya mlango mbovu. Tukalipima, tukakuta mihimili minne imekwisha na nguzo ya mawe upande wa Lufingo imeanza kuliwa na maji. Uamuzi ukatoka: daraja lifunguliwe lote, vyuma vibovu vitupwe, vizima visafishwe, nguzo ziinuliwe, kisha lifungwe upya. Nilifurahi. Ilikuwa imebaki miezi michache nistaafu, na nilitaka niondoke nikiwa nimelifanyia haki daraja nililopita nikiwa na sare za shule.

Injinia aliyeletwa aliitwa Baraka, kijana wa Dar es Salaam, mpole, amevaa koti la baridi hata saa saba mchana. Aliniita mama, nami nikamwita injinia mbele ya watu na mwanangu tukiwa wawili. Alikuwa anajua hesabu zake vizuri, na hakuona aibu kuuliza. Kikosini mtu wangu wa kutegemewa alikuwa Asajile, mtu wa Kisiba, wa miaka arobaini na kitu, mkimya, mikono mizito. Yeye ndiye niliyempa kazi ya kugonga pini na kuzichagua.

Kazi ilituchelewesha. Mvua haikutuachia, na watu walikuwa wanavuka juu ya magogo ya mikaratusi tuliyoyalaza kando. Gari la wagonjwa likitoka hospitali ya Igogwe liliishia ukingoni. Asubuhi moja mama mmoja mjamzito alivushwa kwa machela, uchungu umeshamshika, wabebaji wanne wanateleza juu ya magogo, na Asajile ni mmoja wao. Walifika. Mtoto alizaliwa salama kule hospitali. Lakini Asajile aliporudi alikaa juu ya jiwe, akavua buti, akamwaga maji, akayatazama yale magogo. Tangu siku hiyo wote tukawa na haraka, na mimi zaidi ya wote.

Juma moja baadaye Asajile alinijia mbele ya kikosi chote na pini mkononi.

"Dada Tuse, hii siipendi sauti yake."

Ilikuwa ya nne kunirudishia siku hiyo. Nikaigonga. Nilisikia kama inalia. Mvua ilikuwa inapiga kwenye bati, sikuwa na uhakika, na kupata pini nyingine kulihitaji kutuma gari Mbeya. Basi nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Asajile, unachagua pini au unachagua mchumba? Kwa mwendo huu utazeeka peke yako!"

Kikosi kikaanguka kwa kicheko. Naye alicheka, akainama, akaondoka na pini yake. Nami nikaona nimeongoza vizuri.

Siku ya kusukuma ilipofika, daraja lilikuwa juu ya rola, limepakwa rangi mpya ya kijivu, linameta kwa ukungu. Tuliambiwa kesho yake mgeni kutoka mkoani angekuja kuliona, na ndiye angelizindua likishawekwa mbao. Watu wa vijiji vya pande zote mbili walijaa kwenye kingo. Wengine walikuja na vyakula vyao kabisa, nikaona sufuria ya mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, imefunikwa na majani kama vile ni harusi.

Tulianza saa tatu asubuhi. Kijiko kinagusa, daraja linateleza, rola zinalia kidogo, mtu wa winchi anaachia waya. Mimi nilisimama ukingoni pembeni ya rola ya mbele, bendera nyekundu mkono mmoja na ya kijani mwingine. Pua ya daraja ikatoka juu ya maji. Ikafika robo ya mto. Ikafika nusu. Watu wakaanza kupiga vigelegele.

Kamasi zikanitoka kwa baridi. Nikatia mkono mfukoni mwa koti kutafuta leso, na vidole vyangu vikagusa kibanio.

Nieleze kidogo. Viungo vingine nilivifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Kila nilipokwenda kufunga nilichukua vibanio sawasawa na idadi ya pini, nikaviweka mfuko ule. Ilikuwa desturi yangu tangu stoo. Nikimaliza, mfuko mtupu. Mfuko ukiwa na kitu, maana yake kuna pini imeachwa wazi. Na nilijua ni ipi. Jana yake, nilipokuwa nafunga kiungo cha nje cha paneli ya tatu, mvua kubwa ilishuka ghafla, nikakimbilia turubai. Niliporudi nilianza na kiungo cha nne.

Kiungo cha tatu kilikuwa kimeshapita rola. Kilikuwa kinaning'inia juu ya mto.

Nitawaambia nilichofanya, na msinipambe. Sikufanya kitu. Nilitoa mkono mfukoni, nikashika bendera ya kijani, nikaendelea kuipeperusha. Kijiko kikagusa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa najiambia pini ile niliipiga nyundo mpaka mwisho, haiwezi kutoka. Nilikuwa najiambia tukifika ng'ambo nitakwenda kimya kimya, nitakiweka, nani atajua? Niliona nyuso za wale wanaume kumi na wanane. Niliwaza, miaka yote hii wamesubiri mwanamke huyu akosee, na nimekosea mbele ya vijiji viwili, imebaki miezi mitatu.

Rola ya mbele ikatoa mlio, daraja likatikisika kidogo kama linavyotikisika siku zote. Nikainua bendera nyekundu.

"Simamisha! Simamisha yote!"

Kijiko kikanyamaza. Injinia Baraka akaja mbio, buti zinateleza.

"Kuna nini, mama?"

Nikafungua kiganja nikamwonyesha kibanio. "Hiki kilitakiwa kiwe kwenye kiungo cha tatu, upande wa nje. Nilisahau mimi. Si mtu mwingine, ni mimi."

Alitazama kibanio, akatazama daraja, akatazama mawingu yaliyokuwa yanashuka kutoka mlima Rungwe.

"Mama, imebaki chini ya nusu. Pini haiwezi kutoka kwa safari fupi hivyo. Tukifika ng'ambo tunakiweka."

"Labda haitoki."

"Kwa hesabu haitoki."

"Mwanangu, mimi hesabu hiyo siijui. Ila nimeona pini isiyo na kibanio ikitembea kwa kutikiswa tu. Nikikwambia itakaa nitakuwa nakudanganya. Wewe ndiye injinia, mimi nimeshasema ninachokijua."

Akatoa simu, akairudisha mfukoni bila kupiga. Kisha akamgeukia mtu wa winchi, akapaza sauti, "Tunarudisha!"

Hamjawahi kusikia vijiji viwili vikiguna kwa pamoja. Kikosi changu kilinitazama. Mmoja akatupa glovu chini. Asajile aliyekuwa kwenye rola za nyuma alitukana kwa Kinyakyusa, maneno ambayo siyaandiki hapa, na hakumtukana mtu, aliyatemea ardhini. Bibi mmoja ng'ambo akapiga kelele kuuliza kama daraja limekataa kuolewa.

Kulirudisha ni kugumu kuliko kulipeleka. Winchi ile ilikuwa ya kuzuia, si ya kuvuta, na waya ulikaza mpaka ukawa unaimba. Tulivuta kwa vipimo vya shubiri, saa moja na nusu, mvua imeshaanza. Kiungo cha tatu kilipofika nchi kavu nilikwenda mwenyewe, kila mtu anatazama.

Pini ilikuwa pale pale. Haikusogea hata unene wa ukucha.

Nikaweka kibanio, nikakibana, nikasimama. Mmoja alicheka kwa pua. Injinia alisema tu, "Sawa. Tupumzike, tunywe chai, tuanze upya." Lakini mvua ilikuwa inaongezeka na wote tulijua siku imekwisha. Nilikwenda nikakaa chini ya turubai, peke yangu, nikiwa na kikombe ambacho sikukinywa. Nilikuwa nimesimamisha kazi ya watu wote kwa kitu ambacho hakikuwa kitu.

Asajile akaja akachuchumaa mbele yangu. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye kofia.

"Dada Tuse."

"Nimekusikia ulivyotukana. Una haki."

"Nilijitukana mimi." Akakwangua tope kwenye buti kwa kidole. "Ile pini ya siku ile. Ile ya mchumba."

"Imefanya nini?"

"Niliifunga. Kiungo cha tano, chini, upande wa juu wa mto. Na baada yake ilikuja nyingine, mbaya kuliko ile. Hiyo sikukuletea kabisa. Nayo iko kiungo cha tano."

Nikaweka kikombe chini. "Kwa nini hukuniletea?"

Alikuwa anatazama chini.

"Walicheka, dada. Na wewe ulicheka."

Niliinuka nikamwita injinia. Tukachukua nyundo na chuma cha kutolea pini, tukaenda kiungo cha tano sote watatu. Ya kwanza ilitoka, nikaitundika kwenye kamba chini ya turubai mahali mvua haisikiki, nikaigonga. Ililia vibaya, lakini ililia. Ya pili ilikuwa ngumu kutoka. Ilipotoka, sikuitundika. Niliilaza juu ya jiwe na Asajile akaipiga nyundo mara moja, wala si kwa nguvu zake zote. Ikakatika kama muwa. Ndani, nusu ya mkato ilikuwa nyeusi kwa kutu ya zamani na nusu inang'aa. Maana yake ilikuwa imeshapasuka nusu tangu kabla hatujalifungua daraja, na wote tuliopita juu yake tulikuwa tunapita juu ya nusu iliyobaki.

Injinia Baraka aliokota vipande viwili akavishika mikono yote miwili, akavitazama muda mrefu. Ile pua ya daraja ingefika karibu na ng'ambo, kiungo cha tano kingekuwa ndicho kinachobeba uzito wote. Na chini ya pua, upande wa pili, kulikuwa na watu wamesimama wanatusubiri na sufuria zao.

"Pini zote," akasema. "Tutoe moja moja, tugonge zote."

"Mgeni wa kesho?" nikauliza.

"Nitampigia."

Alimpigia pale pale, kwenye mvua, na nilimsikia akisema, "Hapana mheshimiwa, kosa ni la upande wetu, tumelikuta wenyewe." Hakutaja jina langu wala la Asajile.

Ilituchukua siku tano. Tulipata mbaya tatu zaidi, zenye nyufa ndogo ndogo, na gari likatumwa Mbeya kuleta nyingine. Kabla ya kuanza kugonga, asubuhi ya kwanza, nilikiita kikosi. Nilikuwa nimefikiria maneno mengi, yote yakanipotea. Nikasema, "Ule utani wangu kwa Asajile ulikuwa wa kijinga. Sikio lake lilikuwa sahihi, langu lilikuwa na haraka. Mtu akiniletea pini, hata ya mia, aniletee." Wale wanaume walitazama buti zao. Kisha yule aliyetupa glovu akasema, "Basi fomeni, tugonge," tukagonga.

Naomba vijana mnielewe hapa. Sisemi msitaniane kazini, mtachoka mapema. Ila anayekuletea kasoro usimfanye kichekesho, kwa sababu kasoro ya pili hatakuletea, ataifunga.

Siku ya sita hakukuwa na mvua wala umati. Watu walishachoka na sisi. Tulisukuma kuanzia asubuhi, na kabla ya adhuhuri pua ikapanda kwenye rola za ng'ambo, taratibu, kama mtu anayeweka mguu kwenye maji ya baridi. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mtu wa winchi alikaa chini, akawasha sigara. Kazi ya kushusha kwa jeki, kuweka mihimili na mbao ikachukua siku nyingine nne.

Mgeni hakuja tena. Nasikia alikuwa na ratiba nyingine. Daraja lilizinduliwa na mama mmoja wa Kisiba aliyekuwa anampeleka ng'ombe wake wa maziwa kwa dume upande wa pili. Ng'ombe alifika kwenye ubao wa kwanza, akanusa rangi, akakataa. Tulimbembeleza, tukamwekea majani, Asajile akamsukuma kwa bega. Akasimama tu. Nyuma yake foleni ikaanza: bodaboda, gari la ndizi, gari la wagonjwa limerudi tupu kutoka Igogwe, na dereva wake anapiga honi. Mwishowe yule mama akamwacha ng'ombe pale, akatembea peke yake mpaka katikati, akageuka, akamwita kwa jina lake. Akaja. Alipita juu ya kiungo cha tano bila kutazama chini. Mama akatuambia "Ndaga fijo", asanteni sana, akaendelea na safari yake.

Wiki yangu ya mwisho kazini Injinia Baraka alikuja yadini na karatasi. Alitakiwa kupendekeza fomeni mpya na alitaka kusikia maoni yangu. Alikuwa na majina matatu ya vijana wenye vyeti, wazuri wote, wawili nimewafundisha mwenyewe.

"Weka Asajile," nikasema.

Akainua kichwa. "Yule aliyeificha pini?"

"Yule aliyekuja kuniambia."

Alikaa na kalamu yake mkononi. Nje mtu alikuwa anaburuta paneli, nikamsikia Asajile akimwambia aisimamishe wima. Injinia akaandika jina.

Nilirudi Lufingo siku ya Ijumaa, na Asajile akaanza Jumatatu.